Bwawa la Chini Lilikufa, la Juu Likapona

Ndugu msomaji, leo nakuletea habari ya mabwawa mawili ya samaki. Pia ni habari ya kosa langu mimi mwenyewe. Nimekaa nayo moyoni kwa miaka mingi. Naiandika sasa kwa sababu najua wapo wengi wanaofanya kosa lile lile kila msimu, nao hawajui kuwa wanafanya kosa. Isome polepole. Ukimaliza, msomee jirani yako.

MABWAWA MAWILI

Kijiji chetu kiko upande wa mashariki wa mji wa Kilosa, pale vilima vinapokwisha na uwanda wa Mkata unapoanza. Sisi ni wakulima. Tunalima mahindi, mpunga na nyanya. Maji ya bustani tunayapata kwa mfereji unaotoka mto Mkondoa.

Mwaka 2012 watu 14 tuliungana tukachimba mabwawa mawili ya samaki. Bwawa la juu lilikuwa karibu na mfereji. Maji yaliingia upande mmoja na kutoka upande wa pili. Maji yake yalikuwa matamu mwaka mzima.

Bwawa la chini lilipata maji yaliyotoka katika bwawa la juu. Lakini lenyewe halikuwa na mahali pa kutolea maji. Tena ardhi ya pale ni ya magadi. Wakati wa kiangazi udongo huwa mweupe, kama mtu amemwaga unga. Jua lilikuwa likiyapunguza maji, na chumvi ilikuwa ikibaki. Kila ilipofika mwezi wa kumi, maji ya bwawa la chini yalikuwa na chumvi hata mtu hawezi kuyanywa.

Pamoja na hayo, samaki hawakufa. Tulikuwa tumepanda perege wa huku huku kwetu. Chumvi ilipanda kidogo kidogo, nao wakaizoea kidogo kidogo. Miaka miwili tulivua pale, na samaki walikuwa wanene.

Ndugu zetu wafugaji walikuwa wakileta ng'ombe karibu na bwawa la chini. Ng'ombe hawakunywa maji yale. Walikuja kulamba ule udongo mweupe. Shika neno hilo, msomaji, maana litatufaa mbele.

NILIVYOPIGA DAWA

Mwaka 2014 nyanya zangu ziliingiwa na wadudu. Bustani yangu ilikuwa juu ya mabwawa yote mawili, kando ya mfereji. Nilikuwa na safari ya Mikumi kwa wakwe zangu. Nikaona ninunue dawa huko huko.

Dawa niliyouziwa ilikuwa imemiminwa katika chupa ya soda. Haikuwa na karatasi ya maelezo. Haikuwa na jina. Nilipouliza kipimo, niliambiwa, "Weka vifuniko vitatu kwa bomba moja, wadudu wote watakwisha." Nikaamini. Nikapanda gari nikapita Ulaya mpaka Kilosa, chupa nimeipakata.

Siku ya Alhamisi, mwezi wa kumi, nilipiga dawa. Sikuweka vifuniko vitatu. Niliweka vitano, maana nilitaka wadudu wafe upesi. Jioni nilipomaliza, dawa kidogo ilikuwa imebaki katika bomba. Nikaenda kwenye mfereji. Nikaimwaga. Nikaosha bomba mara mbili, nikanawa na mikono, nikaenda nyumbani kula. Sikufikiri kitu. Hivyo ndivyo nilivyowaona wengine wakifanya tangu utoto wangu.

ASUBUHI YA JUMAMOSI

Jumamosi alfajiri watoto walikuja wakipiga kelele. Tukakimbia mpaka bwawa la chini. Samaki walikuwa wanaelea, matumbo juu. Wengine walikuwa wakizunguka zunguka kama walevi, kisha wanalala ubavu. Kabla ya saa nne karibu wote walikuwa wamekufa. Fedha za samaki wale tulikuwa tumeahidi kununulia mabati ya darasa la shule yetu.

Watu wengine walianza kuokota samaki wapeleke nyumbani. Mke wangu alikuwa ameshainjika sufuria motoni. Mwenyekiti wa kijiji akakataza. Akasema samaki aliyekufa bila kujulikana sababu haliwi na mtu. Tukachimba shimo tukawafukia wote. Watu walinung'unika sana, maana ilikuwa ni kufukia kitoweo na mabati pamoja.

Kisha tukaenda kutazama bwawa la juu. Kule samaki walikuwa hai! Hawakuwa wachangamfu. Tulipowatupia pumba hawakuja mbio kama siku zote. Lakini walikuwa hai.

Basi watu wakaanza kufikiri hivi. Maji ya mfereji huingia kwanza bwawa la juu, halafu ndiyo yanakwenda bwawa la chini. Kama sumu ingekuja kwa mfereji, samaki wa juu wangekufa kwanza. Samaki wa juu hawakufa. Kwa hiyo sumu haikuja kwa mfereji. Mtu ameitia usiku katika bwawa la chini.

Hesabu hiyo ilionekana sawa kabisa. Mimi pia niliiamini. Ilinifaa, maana iliniweka mimi mbali na lawama.

Na ni nani hufika bwawa la chini? Wafugaji. Na nani ana dawa kali ya kuogeshea mifugo? Wafugaji.

MKUTANO CHINI YA MWEMBE

Mkutano uliitwa siku hiyo hiyo. Nakuambia kweli, msomaji, mimi ndiye niliyesimama kwanza. Mimi ndiye niliyesema kwa sauti kubwa kuwa tumetiliwa sumu. Nilimnyoshea kidole mzee mmoja wa wafugaji aliyekuwa ameitwa pale. Vijana walikuwa na marungu na mapanga.

Mzee yule alisimama taratibu. Akasema, "Ndugu zangu, ng'ombe wangu hulamba udongo wa pale pale kando ya maji. Mtu anayemwaga sumu mahali wanapolamba ng'ombe wake, huyo anataka kuwaua ng'ombe wake. Mimi nimekuja kwenu bila fimbo. Chunguzeni kwanza."

Maneno hayo yalikuwa na akili. Lakini hasira haina masikio. Kelele zikazidi.

Ndipo mwenyekiti akatukumbusha jambo. Katika wilaya yetu ya Kilosa, mwezi wa Desemba mwaka 2000, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu 38 huko Rudewa Mbuyuni. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Mwenyekiti akauliza, "Nani hapa anataka kuongeza hesabu ile kwa ajili ya perege?" Watu wakanyamaza. Akaagiza kwamba hakuna mtu wa kufanya lolote mpaka Bwana Samaki afike kutoka Kilosa.

KARAI TATU

Bwana Samaki alifika kwa pikipiki. Alikuwa kijana, mpole wa maneno. Alitazama bwawa la chini, akaonja maji kwa ncha ya ulimi, akatema. Akatazama bwawa la juu. Akawaona samaki wakipumua haraka haraka karibu na uso wa maji. Kisha akauliza, "Nani amepiga dawa shambani wiki hii?"

Hakuna aliyejibu. Nami sikujibu.

Hakugombana na mtu. Aliomba karai tatu kubwa na kilo moja ya chumvi ya dukani. Kila karai akaitia maji safi ya kisima, lita 20. Akafanya hivi:

Karai ya kwanza hakuitia chumvi. Akaweka perege sita wadogo kutoka bwawa la juu.

Karai ya pili aliitia robo kilo ya chumvi. Akaweka perege sita wadogo kutoka bwawa la juu.

Karai ya tatu nayo aliitia robo kilo ya chumvi. Akaweka perege sita wadogo waliovuliwa mtoni, juu ya mahali mfereji unapoanzia.

Karai zikawekwa kivulini, na mtu akawekwa kulinda. Kila baada ya saa chache maji yalibadilishwa kidogo, kwa kipimo kile kile, ili samaki wasikose hewa.

Asubuhi ya siku ya pili kijiji kizima kilikuja kutazama. Karai ya kwanza, samaki wote sita walikuwa hai. Karai ya tatu, samaki wote sita walikuwa hai, ingawa walikuwa katika chumvi. Karai ya pili, wanne walikuwa wamekufa, na wawili walikuwa wamelala ubavu.

Bwana Samaki akasema, "Tazameni wenyewe. Chumvi peke yake haikuwaua, maana hawa wa mtoni wamo ndani ya chumvi na wako hai. Kilichowapata samaki wa bwawa la juu peke yake hakikuwaua, maana hawa walio katika maji matamu wako hai. Lakini samaki aliyepata kitu kile kule juu, akikutana na chumvi, anakufa. Kwa hiyo kitu hicho kilipita bwawa la juu kwanza. Kilikuja kwa mfereji. Hakikuletwa na mtu wa bwawa la chini."

Nilihisi magoti yananiishia nguvu. Nilimtazama yule mzee wa wafugaji. Alikuwa amekuja tena bila fimbo. Nikasimama, nikasema mbele ya watu wote, "Ni mimi. Niliosha bomba la dawa mferejini siku ya Alhamisi." Nikaenda nikaleta ile chupa ya soda.

KWA NINI CHUMVI NA DAWA VIKIKUTANA HUUA

Baadaye nilimwuliza Bwana Samaki mambo mengi, na mengine nimeyasoma tangu siku ile. Nataka nawe uyaelewe.

Damu ya samaki ina chumvi kiasi. Ni kama gramu 9 au 10 katika kila lita. Maji ya mto huwa na chumvi kidogo sana, mara nyingi chini ya gramu moja. Maji ya bahari yana kama gramu 35. Robo kilo katika ndoo ya lita 20 ni zaidi ya gramu 12 kwa lita. Maana yake chumvi ya maji yale ilizidi chumvi ya damu ya samaki.

Samaki akiwa mtoni, maji humwingia mwilini kwa nguvu, na chumvi yake hutaka kutoka. Basi figo zake hutoa mkojo mwingi mwepesi. Matamvua yake, yaani yale manyoya mekundu yaliyo ndani ya mashavu, hukamata chumvi kidogo iliyomo majini na kuiingiza mwilini.

Samaki akiwa katika maji ya chumvi nyingi, mambo hugeuka. Sasa maji ya mwili wake hutaka kutoka, na chumvi ya nje hutaka kuingia. Samaki hukaukiwa akiwa ndani ya maji. Inambidi anywe maji, na matamvua yafanye kazi ya kutoa chumvi nje. Katika matamvua mna chembe hai ndogo sana zenye kazi hiyo. Zifikirie kama pampu ndogo ndogo zinazofanya kazi usiku na mchana. Kazi hiyo hula nguvu nyingi.

Perege wa kwetu ni hodari wa kazi hiyo. Perege wa mto Wami wanajulikana duniani. Mwaka 1966 mtaalamu wa samaki wa Uingereza, Ethelwynn Trewavas, ndiye aliyewapa jina lao la kitaalamu, Tilapia hornorum. Perege wa aina hiyo waliofugwa Zanzibar walikuwa wamekwisha kupelekwa Malaya, na mwaka 1960 mtaalamu Hickling aliandika jinsi alivyowachanganya na perege wa Msumbiji, akapata watoto ambao karibu wote ni madume. Wavuvi wetu hawakushangaa kusikia kuwa perege wa Wami hustahimili chumvi. Pia katika Ziwa Manyara na Ziwa Natron wako perege wao, nao huishi katika maji ya magadi.

Sasa tazama dawa inafanya nini.

Kwanza, dawa huingia kwa matamvua, maana huko ndiko maji hupita wakati wote. Matamvua huvimba na kuharibika. Pampu zile ziko huko huko.

Pili, baadhi ya dawa huzizuia pampu zenyewe. DDT na endosulfani zinajulikana kwa jambo hilo. Endosulfani ilitumika sana katika pamba. Mwaka 2011 iliongezwa katika orodha ya sumu zinazotakiwa kuondolewa duniani chini ya Mkataba wa Stockholm.

Tatu, dawa nyingine hupiga mishipa ya fahamu. Samaki hutetemeka, huzunguka, hushindwa kupumua vizuri. Ziko dawa zilizotengenezwa kwa kufuata mfano wa pareto, lile ua linalolimwa Iringa na nyanda nyingine za juu. Watu husema dawa hizo ni nyepesi, maana mwili wa binadamu huweza kuzivunja upesi. Mwili wa samaki hauwezi. Kwake hata kidogo sana ni sumu kali.

Nne, samaki hutumia nguvu nyingi kupambana na sumu. Anatumia nguvu nyingine kupambana na chumvi. Mfuko wake ni mmoja, na wadai ni wawili. Tena maji yenye chumvi na yenye joto hushika hewa kidogo kuliko maji matamu ya baridi. Tena kwa baadhi ya dawa, samaki aliyezoea chumvi huwa na vimeng'enya vingi vinavyoigeuza dawa kuwa kali zaidi ndani ya mwili wake.

Ndiyo maana samaki wa bwawa la juu waliumia lakini wakaishi. Maji matamu hayakuwadai zaidi. Samaki wa bwawa la chini walikuwa wanabeba mzigo wa chumvi tangu mwezi wa nane. Wangeuweza mzigo huo mpaka mvua. Mimi niliwaongezea wa pili.

Jambo hili limeonekana na nchi za mbali pia. Samaki aina ya samoni huzaliwa mtoni, kisha hushuka baharini. Mwaka 2004 wataalamu wa Uingereza, Waring na Moore, walitoa habari za samoni wachanga waliowekwa katika maji matamu yenye atrazini. Atrazini ni dawa ya kuua magugu, hutumika katika mahindi na miwa. Samaki hao walipohamishwa katika maji ya bahari, wale waliopata dawa zaidi walishindwa kuitawala chumvi ya miili yao, na baadhi walikufa. Sisi tuliona jambo la namna hiyo katika karai tatu.

MTO HAUJUI MPAKA

Labda utasema, "Bwawa langu halina chumvi, basi habari hii hainihusu." Ngoja kidogo.

Nilirudi Mikumi mwaka uliofuata. Barabara kuu hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Niliona uwanda wa Mkata pande zote mbili, na wanyama wakinywa maji. Mto Mkata hupita humo ndani. Nikafikiri: maji hayasimami langoni kuonyesha kibali. Maji ya Mkata na maji ya Mkondoa yote huishia katika mto Wami. Nao Wami huenda mpaka Saadani, ukaingia Bahari ya Hindi.

Pale mdomoni, maji matamu na maji ya chumvi hukutana kila siku. Bahari ikijaa, chumvi hupanda mtoni. Ikitoka, maji matamu hushuka. Perege na samaki wengine wa pale huishi kama samaki wa bwawa letu la chini. Kila siku wanabeba mzigo wa chumvi. Wakati wa kiangazi mto huwa na maji machache, na chumvi huingia mbali zaidi. Ni wakati huo huo sisi huku juu tunapopiga dawa nyingi za bustani kwa maji ya mfereji. Dawa nyingi hupungua nguvu njiani. Nyingine hushikamana na tope na kukaa siku nyingi. Mvua ya kwanza ikinyesha, tope hilo huondoka na kushuka.

Na wapo wanaotia sumu majini makusudi ili wavue. Zamani watu walitumia utupa. Siku hizi wengine hutumia dawa za mashambani. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Viktoria kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, kwa sababu ya uvuvi wa sumu. Viwanda vya samaki vikakosa soko. Wavuvi waaminifu wakapata njaa kwa kosa la wachache. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu, iwe ya mmea au ya dukani.

TULIVYOFANYA

Mkutano ulinihukumu. Sikupelekwa mahakamani. Niliambiwa nilipe vifaranga wapya, na nichimbe mwenyewe mfereji wa kutolea maji katika bwawa la chini, ili chumvi isijikusanye tena. Kazi hiyo ilinichukua wiki tatu. Siku ya pili ya kazi vijana wawili wa yule mzee wa wafugaji walikuja na sepetu. Sikuwaita. Walisema baba yao amewatuma.

Nilikwenda kwa mzee nikaomba radhi. Alinipa maziwa. Akasema, "Siku ile ulipaza sauti kwa kusema uongo bila kujua. Siku nyingine ulipaza sauti kwa kusema kweli. Mimi nimezisikia zote mbili." Mpaka leo ng'ombe wake wanakuja kulamba udongo, na hakuna anayewafukuza.

Mabati ya darasa tuliyanunua, lakini yalichelewa mwaka mzima. Watoto wa mwaka ule walinyeshewa. Mmoja wao ni wangu.

NAWE FANYA HIVI

Ndugu msomaji, sikuambii uache kupiga dawa. Mimi bado nalima nyanya, na wadudu bado wapo. Nakuambia uitumie kwa akili.

Nunua dawa iliyo katika chupa yake, yenye maandishi. Sasa wewe unajua kusoma. Soma! Dawa zinazotumika nchini husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Dawa isiyo na jina hata Bwana Shamba hawezi kukusaidia nayo.

Fuata kipimo. Vifuniko viwili vya zaidi havikuniongezea nyanya hata moja.

Usipige dawa kama upepo ni mkali au mvua inakuja. Upepo na mvua huipeleka dawa majini.

Usioshe bomba mtoni, mferejini wala kisimani. Pima dawa inayotosha ili isibaki. Maji ya kuoshea bomba yanyunyizie huko huko shambani kwako, mbali na maji. Chupa ikiisha, isuuze mara tatu, na maji hayo yatie katika bomba uyapulizie shambani. Kisha itoboe chupa, mtu asije akaitia mafuta ya taa au maji ya kunywa.

Usilime mpaka ukingoni mwa mto. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za watu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, kama shughuli hizo zinaweza kuuharibu mto. Majani na miti ya kando ya mto huchuja tope na dawa.

Ukitaka kupiga dawa, waambie majirani wenye mabwawa. Wafunge mlango wa maji siku hiyo. Sisi sasa tuna kengele ya chuma cha gari. Ikigongwa mara tatu, kila mwenye bwawa anajua kuwa kuna mtu anapiga dawa.

Ukiona samaki wamekufa ghafla, usile. Usimpe hata paka. Mwite Bwana Samaki. Watazame na walio hai, maana samaki aliye hai bado anaweza kuwa amebeba sumu inayongoja shida ya pili.

La mwisho ni hili. Sumu ikiingia majini, usitafute kwanza mtu wa kumlaumu. Tafuta kwanza njia ya maji. Mimi nilimnyoshea mtu kidole, na maji yalikuwa yametoka katika bustani yangu.

Jioni ya leo, kabla hujalala, nenda ukatazame mahali unapooshea bomba lako. Fuata maji yale kwa miguu uone yanakwenda kwa nani.